Nani Alilipwa? Siku Tano kwenye Njia za Kale za Ireland

Jumatatu. Dublin hadi Corlea

Shemeji yangu ana miaka ishirini na mbili kwenye usukani wa lori, Mombasa hadi Malaba na kurudi. Alipotua Dublin kunitembelea hakuuliza habari za maduka wala baridi. Aliuliza, "Shemeji, barabara za huku zikoje?"

Hakujua amenigusa penyewe. Mimi huu ni mwaka wa tisa naishi Limerick, na nina ugonjwa mmoja: usiku nasoma madaftari ya watoto wa shule wa zamani. Mwaka 1937 na 1938 Tume ya Ngano ya Ireland (ngano za hadithi, si za unga) iliwatuma wanafunzi wa shule za msingi kwa bibi, babu na majirani, waandike watakachoambiwa. Watoto zaidi ya 50,000, shule kama 5,000, kaunti 26. Ukijumlisha madaftari na majalada unapata kurasa 740,000 hivi, na siku hizi zinasomwa kwenye intaneti bure. Mada mojawapo waliyopewa ilikuwa barabara za kwao. Yupo mtoto anayeandika mistari mitano tu kuhusu kichochoro kinachokufa shambani, halafu wewe usingizi unakuruka.

Basi tukakodi gari. Huku nao wanapita kushoto, kwa hiyo usukani nilimwachia yeye. Mpango: siku tano, kutoka katikati ya nchi kwenda magharibi, kisha kushuka hadi kwangu.

Corlea iko Longford, karibu na kijiji cha Keenagh, katikati ya tambarare la kinamasi. Udongo wa hapa ni majani na nyasi za maelfu ya miaka zilizooza nusu zikagoma kumalizika, weusi, wenye maji kama sifongo. Wenyeji huukata vipande kama matofali, wakaukausha na kuuwasha kama kuni. Mwaka 1984 mitambo iliyokuwa ikiuchimba ilianza kuibua mbao za mwaloni. Profesa Barry Raftery wa Dublin akaja na watu wake kufukua, na chini wakakuta barabara nzima ya mbao. Pete za mashina zilipohesabiwa, zilisema miti ile ilikatwa mwishoni mwa mwaka 148 kabla ya Kristo au mwanzoni mwa uliofuata.

Leo mita 18 za barabara hiyo zimelazwa palepale zilipokutwa, na jumba limejengwa juu yake. Ndani hewa ni baridi na mbichi kwa makusudi, maana mbao zikikauka zitapasuka. Ukiinama kwenye kizuizi unaona kila kitu: magogo mawili marefu chini kama reli, juu yake mbao pana zimekingamishwa, ndefu kuliko urefu wa mtu mara mbili hivi, nyingine zimetobolewa tundu ncha na kigingi kimepigwa humo kuzishika. Alama za shoka bado zipo. Niliona pigo moja lililokwenda kombo, aliyepiga akarudia pembeni yake.

Shemeji alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza swali ambalo alikuja kulirudia hadi Ijumaa: "Hawa walilipwa na nani?"

Kinachojulikana ni kwamba barabara haikudumu. Ilikuwa nzito mno kwa kinamasi. Wataalamu wanakadiria kwamba kabla ya miaka kumi ilikuwa imeshazama kwa uzito wake yenyewe. "Ndiyo," akasema shemeji, kama mtu anayesoma karatasi ya mizani ya Mariakani. "Hukuangalia udongo, umekwisha."

Wenyeji walikuwa na jina lao, Barabara ya Wadenmaki. Huku kila kitu cha kale kisicho na mwenyewe kilibandikwa Wadenmaki, yaani wale Waviking, kama kwetu Tanga kila gofu la mawe lilivyobandikwa Washirazi. Lakini kuna kisa kingine, cha zamani zaidi, nami nilikuwa nimekiweka akiba hadi tutoke nje.

Mfalme Eochaid Airem alikuwa na mke mzuri, Étaín. Midir, bwana wa watu wa vilimani (sisi tungesema majini), alimtaka kwa kuwa zamani alikuwa wake. Kilima cha Midir, Brí Léith, kinatajwa kuwa huku huku Longford, kwenye vilima vya Ardagh. Wakacheza mchezo wa ubao. Mfalme alipomfunga Midir, alimdai kazi zisizowezekana, mojawapo kujenga njia juu ya kinamasi cha Lámrach kisichokanyagika. Midir akakubali kwa sharti moja: usiku wa kazi mtu asitoke nje kuchungulia. Mfalme akamtuma msimamizi wake achungulie. Msimamizi aliona umati usio na idadi, wanatupa msitu mzima chini, mashina kwa mizizi, na ng'ombe wao wamefungwa nira mabegani. Watu wa Ireland hadi siku ile walikuwa wakiwafunga ng'ombe kwenye paji la uso. Mfalme akaiga, na wanasema jina lake la Airem limetokana na hilo. Lakini kwa sababu walichunguliwa, njia ile iliachwa na kasoro. Isingekuwa hivyo, kisa kinasema, dunia isingekuwa na njia bora kuliko ile.

Wapo wataalamu waliokisoma kisa hiki wakaitazama Corlea mara mbili. Barabara ya magogo, kwenye kinamasi, Longford, yenye kasoro. Ilizama karne nyingi kabla ya yeyote kuandika kisa hicho kwenye ngozi. Mimi siapi kwamba ni hiyo. Ila nikiwa nimesimama pale, upepo unanipiga masikioni, sikuona ugumu wa kuamini.

"Majini hawakulipwa," shemeji akasema akifungua mlango wa gari. "Walifungwa kwenye mchezo."

Jumanne. Clonmacnoise

Mvua asubuhi nzima. Tulishuka kusini hadi mto Shannon, kwenye magofu ya Clonmacnoise, makao ya watawa yaliyoanzishwa na Mtakatifu Ciarán karibu mwaka 544.

Ukiuliza kwa nini aliweka makao yake kwenye kona hii yenye upepo, jibu liko chini ya miguu. Hapa hupita tuta refu la mchanga na kokoto lililoachwa na mito iliyokuwa ikipita chini ya barafu wakati wa kuyeyuka kwake. Waairishi huliita eiscir, na wanajiolojia wa dunia nzima wamelichukua neno hilo. Kulia kinamasi, kushoto kinamasi, katikati mgongo mkavu. Nani atajenga barabara wakati barafu imeshamjengea? Tuta hili, Eiscir Riada, lilibeba Slighe Mhór, Njia Kuu, kutoka upande wa Dublin hadi wa Galway, na hadithi zinasema wafalme wawili, Conn wa Mapigano Mia na Mogh Nuadat, waliigawa nchi nusu kwa nusu kwa kuufuata mgongo huo. Wanasema pia usiku aliozaliwa Conn, njia tano kuu zilijitokeza zenyewe, zote zikielekea Tara, kilima cha wafalme wakuu wa Ireland. Wanahistoria wa leo wanaitilia shaka picha hiyo ya njia tano kukutana Tara. Mimi ninaipenda tu: mtoto analia, barabara zinafunguka.

Watawa walipoona mto nao unawasumbua walijenga daraja. Wapiga mbizi walikuta nguzo zake za mwaloni chini ya maji, na pete za mashina zikasema mwaka 804.

Humuhumu kiliandikwa Lebor na hUidre, Kitabu cha Ng'ombe wa Rangi ya Vumbi. Wanasema ngozi yake ilitoka kwa ng'ombe wa Mtakatifu Ciarán. Mwandishi wake mmoja, Máel Muire, aliuawa na wavamizi hapa kanisani mwaka 1106. Sehemu ya kisa cha Étaín na Midir imo ndani yake. Kwa hiyo barabara ya jana, iliyozama matopeni, ilipanda tena juu kwenye ngozi ya ng'ombe, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari kutoka ilipolala.

Na ng'ombe hawaishii hapo. Neno la Kiairishi la barabara, bóthar, linatokana na bó, ng'ombe. Kamusi ya zamani inayohusishwa na Cormac, mfalme na askofu wa Cashel aliyefariki mwaka 908, inatoa kipimo: bóthar ni upana wa ng'ombe wawili, mmoja amesimama kwa urefu na mwingine amekingama, na ndama wao pembeni. Slighe ni kubwa zaidi, magari mawili ya farasi yapishane, la mfalme na la askofu, bila mmoja kumpisha mwenzake. Na kila njia husafishwa nyakati tatu: wakati wa mashindano ya farasi, wakati wa baridi, na wakati wa vita.

Shemeji aliipenda sana hiyo. "Sisi neno letu halina ng'ombe," akasema. "Barabara maana yake sawasawa. Tuliipa jina kabla ya kuiona."

Jioni tukalala nyumba ya wageni ng'ambo ya mto. Mama mwenye nyumba alitwambia matunda meusi ya miiba yamekwisha kuiva kandokando ya vichochoro, tule sasa, maana mwezi wa kumi ukiisha Púca huyatemea mate. Púca ni jini la huku linalojigeuza farasi mweusi. Tukayala.

Jumatano. Tóchar Phádraig

Siku ya miguu. Abasia ya Ballintubber, Mayo, ilijengwa mwaka 1216 na mfalme Cathal O'Conor, na misa haijawahi kukatika humo, hata baada ya askari wa Cromwell, mtawala wa Uingereza, kuichoma mwaka 1653 na watu wakasali miaka mingi chini ya mvua bila paa. Kutoka mlangoni pake huanza Tóchar Phádraig, njia ya mahujaji ya kilomita 35 hadi mlima Croagh Patrick, ambako Mtakatifu Patrick anasemekana alifunga siku 40. Njia yenyewe inaaminika kuwa ya zamani kuliko Patrick, ya wafalme waliotoka Cruachan, makao ya kale ya wafalme wa Connacht, mkoa wa magharibi. Ilikuwa imefunikwa na majani na kusahaulika hadi mwaka 1987, watu wa Ballintubber walipoifungua upya.

Ina sheria moja inayomhusu shemeji moja kwa moja: hairuhusiwi kulalamika. Likikupata la kukupata, unasema ashukuriwe Mungu. Tulitembea sehemu tu, kuelekea Aughagower. Kufika saa nne alikuwa ameshamshukuru Mungu kwa sauti kali mara kumi na moja, ya mwisho akiwa ndani ya tope hadi magotini.

Kwenye shamba moja la kondoo tulipotea. Nasema kweli, lilikuwa shamba la kawaida, ukuta wa mawe pande zote, ngazi ndogo ya kuvukia tumeiona kwa macho. Tukazunguka ukuta mzima, ngazi hatuioni. Tukazunguka tena. Mzee mmoja aliyekuwa upande wa pili na mbwa wake alitutazama kwa raha zake, kisha akasema, "Mmekanyaga fód seachráin. Geuzeni makoti nje-ndani."

Fód seachráin ni bonge la nyasi la upotevu. Ukilikanyaga, hata shamba lako mwenyewe linakuwa geni hadi ugeuze nguo, wale waliokushika wasikutambue tena. Nilikuwa nimelisoma kwenye madaftari ya watoto zaidi ya mara moja. Shemeji, ambaye ni mtu wa swala tano, alisoma Ayat al-Kursi kwanza, halafu akageuza koti. Ngazi ilikuwa hatua sita mbele yetu, nyuma ya mti wa miiba. Kila mtu na achukue analotaka.

Mzee alitusindikiza hadi lami. Alituonya juu ya jambo la pili: kesho mkienda kusini, wekeni kipande cha mkate mfukoni. Hakusema zaidi.

Alhamisi. Doolough

Mkate tuliuweka.

Nieleze kwanza. Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi uliingia Ireland, nchi ambayo sensa ya 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni nane, na mamilioni kati yao chakula chao kilikuwa kiazi asubuhi, mchana na jioni. Kufikia sensa ya 1851 walibaki kama milioni sita na nusu. Milioni moja hivi walikufa, wengine wakapanda meli. Na mahali alipoangukia mtu wa njaa, wanasema, huota féar gortach, nyasi za njaa. Ukizikanyaga unaishiwa nguvu ghafla, hata kama umetoka mezani, na usipotia chembe ya chakula mdomoni hunyanyuki. Ndiyo maana ya mkate.

Barabara kutoka Louisburgh kwenda kusini ni ya lami, nyembamba, ikielekea ziwa jeusi lililobanwa na milima miwili. Hakuna nyumba. Mwisho wa Machi 1849 maofisa wa msaada wa maskini walitarajiwa Louisburgh kuwakagua waliokuwa wakipokea unga. Watu wakakusanyika kwa mamia. Maofisa hawakukagua, wakaenda zao kulala Delphi Lodge, nyumba ya wawindaji kusini mwa ziwa, na watu wakaagizwa wawe huko kesho yake saa moja asubuhi, la sivyo majina yao yatafutwa. Ni kilomita kama 19. Walitembea usiku, peku, wengi wakiwa hawajala, kwenye mvua na baridi. Walipofika waliambiwa wasubiri, wakubwa wako mezani. Kisha wakarudishwa mikono mitupu. Barua iliyochapishwa na gazeti la Mayo mwezi Aprili ilitaja maiti saba zilizookotwa njiani, wanawake na watoto wakiwemo. Simulizi za wenyeji zinasema mamia. Mimi hapa sikuhesabu. Mtu aliyetambaa kwenda kuomba unga hakufa kwa sababu ya barabara tu.

Kuna msalaba wa jiwe usio na mapambo kando ya ziwa. Kila mwaka watu hutembea njia hii kukumbuka. Mwaka 1991 Askofu Desmond Tutu alitembea nao. Mwaka mmoja kabla yake walikuja Wachoctaw kutoka Marekani, ambao mababu zao, wakiwa wenyewe wametoka kufukuzwa makwao na kufa njiani, walichanga dola 170 mwaka 1847 kwa ajili ya watu wa Ireland ambao hawajawahi kuwaona.

Shemeji alizima injini. Alitembea peke yake hadi ukingoni, nikamwona anaumega ule mkate. Hakuula. Aliuweka juu ya jiwe, akarudi, akakaa.

"Kule Mtito Andei," akasema baada ya muda, "kuna mahali kila dereva mkongwe hupiga honi. Vijana wanadhani ni salamu."

Hatukuzungumza hadi Leenane.

Ijumaa. Burren hadi nyumbani

Burren, kaskazini mwa Clare, ni milima ya mawe matupu ya kijivu, kama mgongo wa samaki aliyeparuliwa. Juu yake hupita njia za kijani, nyasi katikati ya kuta mbili za mawe, nyingine za wafugaji tangu zamani. Nyingine ni za njaa.

Serikali ya London iliamua mwaka 1846 kwamba mtu asipewe chakula bure. Afanye kazi kwanza. Na kazi isimfaidi mwenye shamba yeyote binafsi. Ukiziweka sheria hizo mbili pamoja, kinachobaki ni barabara ambazo hakuna aliyezihitaji. Machi 1847 watu kama 714,000 walikuwa wakivunja mawe na kubeba vikapu, wanaume, wanawake na watoto, katika mojawapo ya vipindi vibaya zaidi vya baridi kukumbukwa. Wengi walipata peni nane hadi kumi kwa siku, na unga ulikuwa umeshapanda bei hata peni hizo hazitoshi nyumba nzima. Wenyeji waliziita bóithre na mine, barabara za unga.

"Hapa angalau walilipwa," nikamwambia shemeji.

"Walilipwa kwa wakati?"

Hapo akanipata. Makarani wa malipo walikuwa wachache, na fedha ya chenji ilikuwa adimu, hivyo watu walisubiri mshahara kwa siku na hata majuma. Wengine walikufa wakidai.

Tuliifuata njia moja iliyopanda mlimani kwa bidii, kuta zake zimenyooka, mawe yamepangwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Ikapinda, ikapanda tena, ikakoma. Ukuta wa kushoto unaishia pale, wa kulia unaendelea hatua chache zaidi. Shemeji alilipima kwa macho jiwe la mwisho, akalitikisa kwa kiatu. Halikutikisika.

Jioni tukaingia barabara kuu ya kushuka Limerick, M18. Nilimwambia kuna mti mmoja nataka auone, upande wa Latoon. Mwaka 1999, barabara hii ilipokuwa ikipangwa, mti wa miiba mweupe ulikuwa kwenye njia ya matingatinga. Eddie Lenihan, msimulizi wa hadithi wa Clare, akatangaza hadharani kwamba hapo ndipo watu wa vilimani wa Munster, mkoa wa kusini, hukutania wanapokwenda kupigana na wenzao wa Connacht, na atakayeukata asije kulaumu mtu ajali zikianza kutokea. Magazeti ya nje yakacheka. Wahandisi hawakucheka sana. Ramani zikarekebishwa, mti ukazungushiwa ua, barabara ikapita pembeni. Mwaka 2002 mtu asiyejulikana aliuvamia usiku kwa msumeno wa mashine. Ukachipua upya.

Kwenye barabara kuu hairuhusiwi kusimama. Tuliuona sekunde tatu, mti mfupi, umeinama, matunda yake mekundu, malori yakiupita kwa kasi. Shemeji akachukua mchepuko wa kwanza, akageuza, akarudi, akageuza tena.

Safari hii alihamia njia ya pole kabisa, akateremsha kioo, upepo ukaingia na kelele zote.

"Hodi!" akapaza sauti.

Kisha akapandisha kioo, akaniuliza kama Limerick kuna mahali pa kupata chapati saa hizi.